Mlimani, Miaka Kumi Baadaye: Wewe Ulibebwa na Nani?

Noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010 imeshastaafu. Benki Kuu ilitoa muda wa kuibadilisha kuanzia Januari 6 mpaka Aprili 5, 2025. Kama unayo moja umeisahau kwenye pochi, sasa hivi haikununulii hata andazi. Lakini usiitupe, igeuze nyuma. Jengo lililochorwa pale ni Ukumbi wa Nkrumah, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa sisi tuliosoma Mlimani, ile ndiyo ilikuwa noti yetu. Ilikuwa ndogo, imechakaa, lakini ina picha ya nyumbani.

Najua, msomaji, ukisikia ukurasa wa safari unategemea Zanzibar, Lushoto au Mikumi. Leo nakupeleka mahali ambapo nauli yake ni ya daladala. Ni mahali ambapo wengi wetu tuliishi miaka mitatu au minne tukiwa na haraka ya kuondoka, na tangu tuondoke tunapapita tu kwa nje tukienda Mlimani City kununua viatu vya watoto.

Sababu ya safari ni kwamba darasa letu la 2015 limetimiza miaka kumi. Na miaka kumi, jamani, ni umri wa hatari. Mwaka mmoja baada ya chuo wote mnazunguka na bahasha za vyeti, hakuna wa kumcheka mwenzie. Miaka thelathini baadaye wote mna presha na miwani. Lakini miaka kumi? Hapo mmoja ana nyumba Goba na gari la familia, mwingine amepanga chumba na sebule Kimara, mwingine karudi kwao mkoani, na kila mtu anajua mwenzie yuko wapi.

Basi kamati ikaundwa, na kama kawaida yetu Watanzania, kamati ikatangaza mchango. Shilingi 150,000 kwa kichwa, chakula cha jioni kwenye hoteli moja ya ufukweni, sare nyeusi na dhahabu. Ndani ya siku mbili watu kumi na mmoja wakajitoa kwenye kundi la WhatsApp, kimyakimya, bila hata kuaga. Mmoja wao alikuwa shoga yangu wa Mabibo.

Tuanzie Mabibo

Mlimani huwezi kuielewa bila kupita Mabibo Hosteli. Iko nje ya chuo kabisa, upande wa pili wa Barabara ya Morogoro, na asubuhi ya siku za masomo ilikuwa ni vita ya kugombea basi la kwenda darasani. Nguo zinaning'inia kwenye vibaraza, redio tano zinapiga nyimbo tano, na nje ya geti harufu ya chipsi. Nilipofika Jumamosi ile, saa tatu asubuhi, nguo zilikuwa bado zinaning'inia. Wanaozianika ndio wamebadilika.

Kama hukusoma Mlimani, kuna neno moja lazima nikufundishe hapa: kubebana. Chuo kinakupa chumba au hakikupi. Ukikosa, unamtafuta aliyepata, naye anakugawia nusu ya kitanda chake. Yeye anakubeba, wewe unabebwa. Kitanda chenyewe ni cha mtu mmoja, tena mwembamba, na usiku unakuta karibu kila kitanda kina vichwa viwili. Kwa sheria za hosteli ilikuwa marufuku, na karibu kila mtu alikuwa anabeba au amebebwa.

Kubebwa kulikuwa na taratibu zake ambazo hakuna aliyeziandika. Unaingia wa mwisho, unatoka wa kwanza. Unalala upande wa ukutani. Msimamizi akigonga, wewe ni mgeni umekuja kuazima desa. Begi lako hulifungui lote, na ndoo yako inakaa mvunguni.

Mimi nilibebwa mwaka wangu wote wa kwanza, 2012 kuingia 2013. Aliyenibeba alikuwa binti wa ualimu niliyekutana naye kwenye foleni ya usajili. Hatukuwa ndugu, hatukutoka mkoa mmoja. Aliniona nimekalia begi, akaniuliza, "We, umepata chumba?" Basi. Mwaka mzima. Tuligombana mara nyingi, si unajua wasichana wawili kitanda kimoja, lakini hata siku moja hakuwahi kunitajia kitanda. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko kitu kingine chochote cha chuo.

Nilipompigia simu kumwalika kwenye matembezi haya, hafla sikuitaja. Nilimwambia tu, "Shoga, twende tukapunge upepo Mlimani, mimi na wewe na shemeji yako." Akanyamaza kidogo. Akasema, "Sawa, ila viatu vya kamati sina." Tukacheka wote wawili.

Shemeji wa treni

Shemeji yake, yaani mume wangu, alishuka usiku uliotangulia kutoka Dodoma. Hapa lazima niseme jambo ambalo wasomaji wengi wa gazeti hili mnalijua vizuri: ndoa za Dar na Dodoma. Julai 2016 ilipotangazwa kwamba serikali yote inahamia Dodoma, watu walijadili ofisi na viwanja. Vitanda havikujadiliwa. Lakini tangu wizara zianze kuhama, kuna nyumba nyingi mjini hapa ambazo baba au mama ni mgeni wa wikiendi.

Sisi ni mojawapo. Kwa miaka kadhaa mapenzi yetu yalitegemea basi, siku nzima inaishia barabarani. Treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma, Julai 2024, safari ikashuka mpaka saa nne hivi au pungufu. Ukienda stesheni Ijumaa jioni utawaona, vijana wenye laptop na kiboksi cha zawadi ya mtoto, wanatembea haraka. Wengi wana pete.

Tulikutana Ubungo sote watatu. Zamani ungeshuka hapa na basi la mkoani, ukiwa mwaka wa kwanza, na begi kubwa na barua ya udahili, huku mpiga debe anakuvuta mkono. Kituo kile cha mabasi kilihamia Mbezi Luis mwaka 2021, na juu ya makutano yenyewe sasa limekaa Daraja la Kijazi, lililofunguliwa Februari mwaka huohuo. Magari yanapita juu kwa juu. Foleni ya Ubungo tuliyoitumia kama kisingizio cha kuchelewa mitihani imepungua makali.

Kuupanda mlima

Kutoka Ubungo unaingia chuoni na joto la mji linabaki nyuma. Miti ni mingi, barabara zinapinda, tumbili wanavuka bila kuangalia kushoto wala kulia. Eneo hili lina jina jingine la zamani, Kilima cha Observation, na ukisimama sehemu za juu unaelewa kwa nini.

Chuo chenyewe hakikuzaliwa hapa. Kilianza Oktoba 1961 kama tawi la Chuo Kikuu cha London, kikifundisha sheria tu, kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Kikahamia Mlimani mwaka 1964, na Julai 1, 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Walter Rodney alifundisha hapa. Yoweri Museveni alihitimu hapa 1970, Jakaya Kikwete 1975, John Magufuli 1988. Ukiisoma orodha hiyo haraka haraka unaweza kudhani kila anayeshuka mlima huu anashukia Ikulu.

Tulipita Revolution Square, pale ambapo mgomo wowote ulikuwa lazima uanzie, hata mgomo wa bumu kuchelewa. Kwa wasiojua, bumu ni ile fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo. Siku inapoingia mapenzi yanashamiri, siku inapoisha mapenzi yanakuwa ya kusindikizana tu. Tukafika Nkrumah. Shoga yangu akasimama mbele yake, akaliangalia lile jengo muda mrefu, akasema, "Kwenye noti lilionekana kubwa."

Mahafali yetu wala hatukufanyia hapo. Tulivalia majoho ukumbi wa Mlimani City, kwenye ardhi ya chuo lakini mlango wa pili na maduka. Nakumbuka wazazi walitoka kwenye mahafali wakaingia moja kwa moja supamaketi.

Mambo mapya ni mengi. Kuna maktaba iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa Novemba 2018, yenye nafasi ya vitabu 800,000. Kuna hosteli za Magufuli, majengo 20 yenye nafasi ya wanafunzi 3,840, zilizofunguliwa Aprili 2017. Shoga yangu alizihesabu ghorofa kwa kidole, akageuka kwangu. "Zingekuwepo 2012," akasema, "tusingejuana."

Hesabu ya kimbweta

Kwa chakula cha mchana tulikaa kwenye kimbweta, ile meza ya zege na viti vyake vya zege, chini ya mti. Vimbweta ndivyo vilivyotusomesha. Hapo ndipo madesa yalipogawanywa, hapo ndipo mume wangu alipojifanya anahitaji msaada wa takwimu wakati alikuwa na A. Tulinunua wali maharage na soda, na mazungumzo yakaenda yenyewe kwenye ile hesabu ambayo watu wa miaka kumi hawaikwepi.

Sasa nikuambie kitu kuhusu darasa la 2015. Tulitoka na vyeti vyetu Novemba. Juni 2016 serikali ikasitisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa. Nia ilikuwa nzuri, fedha za umma zilikuwa zinaliwa na majina ya marehemu. Lakini ukiwa na miaka 24 na cheti cha ualimu mkononi, nia nzuri hailipi kodi ya nyumba. Ajira zilipoanza kurudi, walimu wa sayansi na hisabati walitangulia. Wa historia na jiografia walisubiri.

Shoga yangu alikuwa wa historia na jiografia. Alifundisha shule moja ya binafsi ambayo mshahara ulikuwa unakuja kama mgeni, bila taarifa. Akaacha, akafundisha tuisheni, akafuga kuku. Leo ana kuku wa mayai Kibamba, anaamka saa kumi alfajiri. Usaili wa walimu ulipofanyika kuanzia Januari 2025 alikwenda pia, akapanga foleni na vijana ambao sisi tukiingia chuo walikuwa shule ya msingi. Alifaulu, hakupangiwa kituo, jina lake liko kwenye kanzidata. "Niko kwenye benki," anasema, "ila benki ya majina."

Mume wangu naye ile sitisho ilimpitia. Kuanzia 2016 mpaka 2019 hakuwa na ajira ya kueleweka. Tulikuwa tumeoana, tunapanga Sinza, na mshahara wa nyumba ulikuwa wangu, wa kampuni binafsi. Yeye alipika, alimpeleka mtoto kliniki, alituma maombi ya kazi. Mama mkwe alikuwa anapiga simu kuuliza kama mwanawe "bado anapumzika". Tena kwenye mshahara wenyewe Bodi ya Mikopo inachukua chake. Mabadiliko ya sheria ya 2016 yalipandisha makato kutoka asilimia 8 mpaka 15 ya mshahara wa msingi. Nafuu ilikuja 2021, ilipofutwa ile asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo. Leo nyumba yenye wahitimu wawili ina mishahara miwili na makato mawili. Wakati ule tulikuwa na mshahara mmoja, na deni lake lilikuwa likiongezeka bila yeye kulipa hata senti.

Nilikuwa sijawahi kumsimulia shoga yangu hayo. Alimsikiliza mume wangu mpaka mwisho, akamuuliza, "Na mkeo alikukumbusha mara ngapi kwamba anakulisha?"

Mume wangu akafikiri. "Sikumbuki hata mara moja."

"Basi alijifunzia Mabibo," akasema, na kuendelea kula.

Ndipo mume wangu akaitoa ile habari ambayo tumekuwa tukiizunguka miezi sita. Ofisini kwake amepandishwa cheo, nyumba ipo, shule za watoto zipo, na anataka tuhamie Dodoma. Mimi kampuni yangu haina tawi kule. Nikienda, nitaanza kutafuta kazi upya nikiwa na miaka 34, na mshahara wa nyumba utakuwa wake. "Nibebe mimi safari hii," akasema, mbele ya shoga yangu, tena kwa sauti ya chini.

Sikumjibu pale. Msomaji, ni rahisi kumbeba mtu. Unajisikia una nguvu, unajisikia mwema. Kubebwa ndiyo kazi ngumu, hasa ukiwa umeshazoea kushika pochi. Shoga yangu ndiye aliyevunja ukimya. "Nyie mmesahau kitanda cha Mabibo? Mmoja akitaka kugeuka lazima amwamshe mwenzie, mgeuke wote. Mkigeuka mmoja mmoja, mtu anaanguka."

Saa kumi alasiri

Wiki mbili kabla, nilikuwa nimeiomba kamati jambo dogo: kabla ya chakula cha hotelini, wanaotaka waje Mlimani saa kumi, kwenye vimbweta, bila mchango, kila mtu na soda yake. Kamati ilikubali shingo upande. Mimi nikawapigia simu wale kumi na mmoja, mmoja mmoja.

Walikuja watu wapatao thelathini. Kati ya wale kumi na mmoja walifika watano. Wengine walikuja na magari, wengine na bodaboda, mmoja alitembea kutoka Changanyikeni. Mwanzoni ilikuwa vilevile unavyofikiria: "Mambo? Uko wapi siku hizi?" Swali hilo lina meno. Ukimwuliza mtu asiye na kazi, unamlazimisha aidha adanganye au ajieleze kama yuko kituo cha polisi.

Mhandisi mmoja, mshikaji wa siku nyingi, ndiye aliyelibadilisha bila kujua. Alimwona shoga yangu akapaza sauti, "Huyu alikuwa anabeba watu wawili Mabibo! Kitanda kimoja, watu watatu!" Watu wakacheka. Kisha mwingine akasema yeye alibebwa na nani. Ikawa zamu kwa zamu. Meneja wa tawi la benki akasema muhula wa pili alikula kwa bumu la mwenzie aliyekaa pembeni yake, ambaye siku hizi ni fundi simu Kariakoo. Dada mmoja wa shirika lisilo la kiserikali akasema kompyuta aliyoandikia utafiti wake ilikuwa ya kuazima, na mwenye nayo alikuwa akisubiri nje mpaka usiku. Fundi simu akasema naye baadaye, 2018, alilala sebuleni kwa huyohuyo meneja miezi minne. Hakuna mtu aliyeuliza mshahara. Ukikaa na kuzisikiliza hadithi thelathini hivyo, ile orodha ya nani kafika na nani hajafika inavurugika kabisa, maana hakuna hata mmoja pale aliyefika kwa miguu yake peke yake.

Jua lilipozama, wenye sare walianza kuondoka kwenda hotelini. Mume wangu alikwenda, tulikuwa tumeshalipia, na nasikia chakula kilikuwa bomba. Mimi nilimsindikiza shoga yangu mpaka kituoni. Kwenye simu yake alikuwa na oda nne za mayai, trei ishirini na mbili kwa wiki, bei yake ileile, hakuna aliyeomba apunguziwe na hakuna aliyemwongezea kwa huruma. Alilisema hilo la mwisho kwa namna ya pekee. Daladala ikaja, akapanda.

Kuhusu Dodoma, nimemwambia mume wangu nitakwenda kukaa wiki mbili za likizo yangu, niione hiyo nyumba, nizitembelee ofisi kadhaa na vyeti vyangu. Kisha tutaamua, tukiwa macho wote wawili.

Ukiamua kwenda

Nenda Jumamosi au Jumapili, asubuhi au kuanzia saa kumi alasiri. Katikati ya wiki utawasumbua wanaosoma. Vaa raba, mlima ni mlima. Beba kitambulisho. Chakula usifiche mikononi, tumbili wanajua.

Mkienda wawili ambao mlikutana chuoni, kaeni kwenye kimbweta chenu cha zamani, simu zikae kwenye mkoba, na muulizane maswali mawili: nani alitubeba, na sasa hivi nani kati yetu amechoka kubeba? La pili ndilo gumu. Msiondoke kabla hamjalijibu.

Na kama darasa lenu linatimiza miaka kumi, fanyeni hafla yenu na sare zenu, hakuna ubaya. Ila kabla ya kutangaza mchango, tafuteni saa mbili za bure chini ya miti. Halafu angalieni nani kajitoa kwenye kundi wiki hiyo, mpigieni simu. Msimwulize yuko wapi siku hizi. Mwambieni tu saa na kimbweta.